Kushuka Chini ya E

Huku kwetu gitaa hupanda. Sebene inapokaribia, kila mtu anajua mkono wa kushoto wa mpiga solo utakimbilia karibu na tumbo la gitaa, kuanzia freti ya kumi na mbili (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) kwenda mbele, kule nyuzi nyembamba zinakolia vizuri. Wakongo walikwenda mbali zaidi wakabuni mi-composé: uzi wa nne unatolewa, mahali pake unafungwa mwembamba uliokazwa oktava moja juu, na gitaa zima linapata mlio wa kengele. Benga nayo ni hivyo hivyo, magitaa yanajibizana huko juu kwa kasi na besi inabeba mzigo wa chini. Mimi ni zao la malezi hayo. Nilipoanza kulegeza nyuzi na kuteremka, wenzangu kwenye bendi walidhani nimelichoka gitaa nataka kuhamia besi.

Mwanzo wenyewe ulikuwa kanisani, na haukuwa na ushujaa wowote. Ibada ya kwanza huanza mapema, sauti ya mwimbaji wetu ilikuwa haijaamka, tukashusha magitaa yote nusu toni ili asijikamue. Waimbaji wengi duniani wamesaidiwa hivyo na wapiga gitaa wao bila msikilizaji kujua. Kilichonishangaza ni vile nyuzi zilivyolainika chini ya vidole na vile gitaa lilivyopata kifua. Jioni ile nikashusha uzi wa sita peke yake, ule mnene kuliko wote ambao kwa kawaida ni noti ya E, hadi D. Ukifanya hivyo, unalaza kidole kimoja juu ya nyuzi tatu za chini na tayari una noti ya msingi, ya tano yake na oktava. Mkono unaweza kuteleza kutoka freti hadi freti kwa kidole hicho hicho. Kwa mtu aliyezoea kuhangaisha vidole vinne, ilikuwa kama likizo.

Kutoka hapo nikaanza kufuatilia nani alishuka kabla yangu na kwa nini. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya muziki mzito Black Sabbath, ndiye aliyenifumbua macho zaidi. Mwaka 1965 alikuwa na miaka 17, akifanya kazi katika kiwanda cha mabati mjini Birmingham, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye ni mtu wa mashoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaobonyeza nyuzi. Akajitengenezea vikofia vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akalegeza gitaa lenyewe. Katika albamu yao ya tatu, ya 1971, baadhi ya nyimbo ziko nusu toni tatu chini ya kawaida. Alikuwa anatafuta nyuzi zisizomuumiza, na sauti iliyopatikana ndiyo wapiga muziki mzito wanayoifuata mpaka leo.

Mimi nilitaka kufika B, na hapo ndipo gitaa langu la nyuzi sita lilipoanza kunisomesha fizikia.

Uzi wa E wa chini hutikisika mara 82 hivi kwa sekunde. B iliyo chini yake ni karibu mara 62. Ukiziangalia namba hizo unaona tofauti si kubwa, lakini mkazo wa uzi hufuata mraba wa mtikisiko. Ukishusha E hadi D umeshapoteza kama moja ya tano ya mkazo. Ukifika C, zaidi ya theluthi imeondoka. Ukifika B umebaki na asilimia 56 tu, na uzi wa kawaida kwa mkazo huo haupigiki: unagonga freti, unanung'unika, na ukiucharaza kwa nguvu noti inaruka juu kabla ya kutulia. Nilikuwa nikiitazama sindano kwenye programu ya simu ya kupimia noti. Ukipiga tu, inakimbilia kulia, halafu inarudi polepole katikati kama inayojutia. Ndiyo maana watu wanaorekodi muziki mzito hupima noti kwa kupiga kwa nguvu ileile watakayotumia kwenye wimbo, si kwa kudonoa uzi taratibu.

Dawa yake ni uzi mnene. Madukani Nairobi ukisema "nipe kumi" unapewa seti inayoanza inchi 0.010 na kuishia 0.046, na kwa kazi zetu nyingi hiyo inatosha kabisa. Kwa B kwenye gitaa la urefu wa kawaida unahitaji uzi wa 0.060 kwenda juu. Hizo ni za kuagiza. Za kwanza nililetewa na shangazi yangu anayefanya kazi Dubai, zimefungwa katikati ya zawadi za familia nzima, na kwa wiki kadhaa gitaa langu lilinukia udi.

Sasa uzi umefika, haukai. Juu ya shingo, kabla ya vigingi, kuna kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita ambamo nyuzi hupita. Mfereji wa sita ulichongwa kwa ajili ya uzi wa 0.046, na huu mpya ulikaa juu yake bila kuzama. Sikuwa na tupa ya kazi hiyo. Fundi saa mmoja aliniazima tupa yake nyembamba ya duara, nikamaliza kwa kipande cha uzi wa zamani nilichokizungushia msasa laini. Unasugua mara chache, unapuliza vumbi, unaweka uzi, unatazama, unarudia. Tupa unaiinamisha kuelekea vigingi, ili uzi uegemee ukingo wa upande wa freti. Ukiinamisha kinyume utapata mlio wa nyuki kwenye noti ya wazi, ile ya uzi usiobonyezwa. Mwisho unapaka mferejini risasi ya penseli. Usipopaka, kila ukikaza kigingi utasikia "tink" ndogo, uzi uliokuwa umeng'ang'ania unaachia ghafla na noti inakupita.

Kwenye daraja, kule nyuzi zinakoishia juu ya tumbo la gitaa, napo kuna kazi. Uzi mnene una ugumu wake, hivyo ukiubonyeza kwenye freti ya kumi na mbili unatoa noti iliyo juu kidogo kuliko inavyostahili. Unakirudisha nyuma kile kijiti cha chuma kinachobeba uzi, mbali na shingo, mpaka noti ya freti na ile ya kuugusa uzi hapo hapo bila kuubonyeza zilingane. Changu kilirudi mpaka mwisho wa skrubu na bado hakikutosha. Nikatoa springi iliyo nyuma yake, nikapata milimita chache zaidi, ikalingana. Springi ile iko bado kwenye kikopo cha pichi. Shingo yenyewe nayo hujinyoosha mkazo ukipungua, nyuzi zikaanza kugonga freti za mwanzo, na hapo unalegeza kidogo ile nondo ya ndani ya shingo. Robo ya mzunguko, kisha unaliacha gitaa hadi kesho. Mbao hazipendi kuharakishwa.

Baada ya kupita yote hayo, gitaa la nyuzi saba lilikuwa nafuu. Nilinunua la mtumba kwa kijana aliyekuwa anahamia Kanada. Uzi wa saba unakuja na B yake, sita za juu zinabaki kama ulivyozizoea, na hakuna unachopoteza upande wa sebene. Watu hudhani nyuzi saba ni mambo ya metali ya miaka ya tisini peke yake, lakini zina historia ndefu na njia nyingi. Warusi walikuwa na gitaa lao la nyuzi saba tangu zamani, lililotyuniwa kwa G wazi, yaani nyuzi zikipigwa bila kubonyezwa zinatoa chodi ya G. Marekani, mpiga jazi George Van Eps aliongeza A ya chini mwishoni mwa miaka ya 1930 ili ajipigie besi mwenyewe chini ya chodi zake. Brazili, wapiga choro na samba wana violão de sete cordas, yaani gitaa la nyuzi saba, ambalo uzi wake wa saba mara nyingi ni C, na kazi yake ni kutembeza besi chini ya wimbo. Kampuni ya Ibanez walipotoa saba la umeme pamoja na mpiga gitaa Steve Vai mwaka 1990, lilionekana kama chombo cha wapiga solo wenye mbwembwe. Halafu bendi ya Korn, katika albamu yao ya kwanza ya 1994, wakalichukua gitaa la aina hiyo hiyo, wakalishusha toni nzima hadi A, wakaacha solo kabisa. Kwangu hilo ndilo somo la historia yote hii: chombo ni kilekile, na wawili wamekifanyia kazi zisizofanana hata kidogo.

Mimi nilijaribu njia ya Wabrazili kwanza, kwa sababu iko karibu na rumba kuliko nilivyotarajia. Rumba ikiwa bado polepole, kabla ya sebene, kuna nafasi kubwa kati ya maneno ya mwimbaji. Nikawa nateremsha noti tatu nne kwenye uzi wa saba kuelekea chodi inayofuata. Nyumbani, peke yangu, ilikuwa tamu. Mazoezini ikawa balaa.

Mpiga besi wetu ni mtu mzima aliyenizidi umri na miaka ya jukwaani, na huwa hasemi sana. Siku hiyo alinyamazisha nyuzi zake kwa kiganja, akangoja ngoma zitulie, akasema, "Kijana, ukiteremka huku kwangu, mimi niende wapi?"

Sikuwa na jibu, maana swali lilikuwa la haki. E ya chini ya besi ni kama Hz 41, yaani mitikisiko 41 kwa sekunde. B ya gitaa langu ni Hz 62, ambayo ni B ileile anayoigusa yeye kwenye uzi wake wa tatu, freti ya pili. Tulikuwa watu wawili tunagombania kiti kimoja, na ngoma ya mguu nayo iko hapo hapo. Kutoka mbele ya jukwaa hakuna aliyesikika, ulisikika mvumo tu. Mzee wa besi akaniomba nipige ile mistari yangu huku yeye akiwa kimya, halafu yeye apige mimi niwe kimya, halafu tupige pamoja. Mara ya tatu kila mmoja alisikika mdogo kuliko alipokuwa peke yake.

Fundi mitambo ndiye aliyetupa njia, na alifanya kitu kilichonikera mwanzoni: alikata kila kitu kilicho chini ya Hz 90 kwenye mkondo wa gitaa langu. Nilimwambia sasa uzi wa saba nimeununulia nini ikiwa unautupa. Akanivalisha hedifoni. B ilikuwapo. Ilisikika wazi kuliko awali. Sababu ni kwamba noti haiji na mtikisiko mmoja. B ya Hz 62 inabeba ndani yake 123, 185, 247 na kuendelea, na sikio likizisikia hizo kwa mpangilio wake linaijazia yenyewe ile ya chini. Ndiyo maana besi ya wimbo unaitambua hata kwenye spika ya simu ambayo haina uwezo kabisa wa kuitoa. Na spika nyingi za gitaa za inchi 12 huanza kupungua nguvu karibu na Hz 75 au 80, kwa hiyo hata huo mtetemo niliokuwa nautetea, amplifaya yangu ilikuwa hainipi sawasawa. Uzito wa gitaa la chini unatoka kwa besi iliyo chini yake. Gitaa linaleta meno.

Tukagawana. Nikishuka mimi, yeye anapiga noti zilezile oktava moja chini pale inapowezekana, au anashika noti moja ndefu na kuniachia nitembee. Akipanda yeye kufanya madoido yake ya benga, mimi naziba chini. Tulichopata hapo nakipenda hadi leo, na hakikutokana na uzi wa saba peke yake. Kabla ya hapo nilikuwa nimepiga naye muda mrefu bila kumsikiliza anafanya nini kwenye pigo la pili.

Jambo lingine ambalo uzi mnene hufundisha kwa ukali ni chodi. Chodi ya kawaida yenye noti tatu zilizokaribiana, ukiipiga huko chini, inageuka uji. Sikio letu linashindwa kutenganisha noti zinazokaribiana zikiwa nzito. Noti ya tatu ya skeli, ukihesabu kutoka msingi, ndiyo mbaya zaidi. Ukiipandisha oktava nzima, yaani msingi kwenye uzi wa saba na ya tatu yake huko uzi wa nne au wa tatu, ghafla inapumua, na inakuwa na uzuri ambao gitaa la nyuzi sita halina. Nimezitumia sana hizo kanisani, kwenye nyimbo za taratibu, na hakuna mwumini aliyewahi kuuliza kama muziki wa metali umeingia ibadani.

Distoshoni nayo, ule mkwaruzo wa makusudi, inabidi ipunguzwe. Nilipoanza nilidhani sauti nzito ninazozisikia kwenye rekodi ni mkwaruzo uliojazwa mpaka juu. Ukijaza, noti ya chini inapoteza mwanzo wake, ule mgongano wa pleki, kile kikadi cha kupigia, na chuma ambao ndio unaoleta hisia ya kupigwa ngumi. Punguza, tumia pleki nene, piga karibu na daraja, na ufunge nyuzi usizozihitaji. Kufunga nyuzi ndiyo nusu ya kazi ya gitaa hili. Saba zote zinataka kuimba muda wote. Nikipiga nyembamba, ukingo wa kiganja cha kulia unalala juu ya nene. Nikipiga nene, kidole cha shahada cha kushoto kinazigusa nyembamba bila kuzibonyeza. Anayekutazama haoni chochote. Ukiacha kufanya hivyo, amplifaya inawaka kama mzinga.

La nane nilikuwa nalo kwa muda. Gitaa la nyuzi nane lina F sharp ya Hz 46, karibu kabisa na E ya besi. Bendi ya Meshuggah ya Uswidi ndio waliolitangaza duniani, na ukiwasikiliza kwa makini utaona mara nyingi wanalitumia kama ngoma: noti moja au mbili, ukimya, noti, huku mapigo yakizungukana kwa hesabu ngumu juu ya saa isiyobadilika. Kwa kazi hiyo ni chombo kamili. Kwangu shingo ilikuwa pana mno, kidole gumba hakikupata pa kushika, na uzi wa nane ulihitaji urefu ambao gitaa lile halikuwa nao. Urefu una maana sana. Kutoka inchi 25.5 hadi 27 unaongeza mkazo kwa asilimia 12 hivi kwa uzi uleule na noti ileile. Ndiyo sababu kuna magitaa ya freti zilizotawanyika kama upepeo, nyuzi nene ndefu na nyembamba fupi. Ukikutana nalo usiogope, mkono unazoea kabla ya macho.

Hata hivyo, hilo la nane lilinipeleka mahali ambapo sikupanga. Mimi ni Mgusii. Obokano, kinubi kikubwa cha kwetu, kina nyuzi nane, na sauti yake iko chini sana, chini kuliko nyatiti ya jirani zetu Wajaluo, ambayo nayo ni ya nyuzi nane. Na inavuma. Ule mvumo wa nyuzi dhidi ya chombo unatakiwa, ndio utamu wake. Nikakumbuka kwamba kazi yote niliyofanya kwa tupa na nondo ilikuwa ya kuua mvumo. Tangu hapo, kwenye uzi wa chini kabisa huwa naacha kidogo. Naulaza karibu zaidi na freti kuliko kitabu cha mafundi kinavyosema, ukipigwa kwa nguvu unagusa freti na kulia kwa kukwaruza. Kwenye rekodi fundi mitambo hupendekeza tuusafishe. Tunabishana, na mara nyingi nashinda mimi.

Leo ninalopiga zaidi ni baritoni: nyuzi sita tu, urefu wa inchi 27, linaanzia B na kuishia B. Magitaa ya aina hii yapo tangu miaka ya 1950, kampuni ya Danelectro walikuwa nayo, na wapiga kantri wa Nashville waliyatumia sana. Vidole vinacheza maumbo yaleyale niliyojifunza utotoni, kila kitu kimehamia tu, na sina uzi wa ziada wa kuulinda. Saba nalitunza kwa ajili ya rumba. Nane nilimuuzia kijana wa Rongai anayepiga kwa kidole gumba, kwa mtindo wa kupiga na kuvuta kama wapiga besi wa fanki. Alinilipa kwa awamu, na kwenye awamu ya mwisho alinipigia kitu ambacho mimi na lile gitaa hatukuwahi kukifikia.

Wanaoniuliza waanzie wapi huwa nawaambia wasinunue chochote bado. Shusha uzi wa sita hadi D ukae nao. Ukiona unataka zaidi, tafuta seti inayoanza 0.011 au 0.012, shusha gitaa zima hadi D au C, mpe fundi aliangalie shingo na daraja. Kabla ya kwenda B, mpigie simu mpiga besi wako.